Mvua Imepinda Besi Yangu

Novemba 3, Jumapili

Daftari hili nimepewa na Nomatter, yule mwalimu anayepiga kinanda kwenye bendi yetu. "Mbuya Erina," kaniambia, maana kwetu bibi ni mbuya, "andika humu noti za nyimbo zetu, usije ukasahau." Sijui noti mimi. Na sijasahau wimbo hata mmoja tangu mgodi huu ulipokuwa na moshi. Niliishia Standadi Mbili, lakini kalamu inanitii, kwa hiyo nitaandika nitakacho. Kitu ukishampa mtu ni chake.

Mwezi huu kwetu ni mwezi wa Mbuzi, mwezi wa mwiko. Hakuna anayeoa, hakuna tambiko, bendi haiitwi popote. Ndiyo nafasi ya kutunza vyombo. Leo nimezivua nyuzi nne za gitaa la besi nikazichemsha kwenye sufuria ya sadza, ugali wetu, nikazianika kwenye kamba ya nguo. Zilikuwa zimekufa kwa jasho na mafuta ya vidole, zinatoa sauti kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Sasa zimefufuka. Nyuzi mpya hutoka Afrika Kusini, na mimi siendi Afrika Kusini.

Besi hii ilikuwa ya marehemu mume wangu, Kefasi. Alipokuwa amelewa nilipiga mimi. Kwa hiyo nilipiga sana.

Novemba 9, Jumamosi

Mvua ya kwanza. Imeingia kwa dirisha la jikoni bila hodi.

Novemba 10, Jumapili

Mazoezi kwenye holi la zamani la mgodi. Tuko wanne. Zhuwawo anapiga solo, ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyekuwa rafiki wa Kefasi. Kasiya, kijana wa mtaani, yuko kwenye ngoma. Nomatter kwenye kinanda, mtoto mgongoni. Mimi besi. Leo Zhuwawo kakohoa kuliko alivyopiga. Vumbi la chini ya ardhi limemkaa kifuani miaka thelathini, sasa limeamua kujenga.

Katikati ya wimbo nasikia besi nyingine chini ya besi yangu. Kutazama, ni mkono wa kushoto wa Nomatter. Nikasimamisha wimbo.

"Mwalimu, hapo pana mtu."

"Samahani, Mbuya. Mkono umezoea. Kanisani kwetu mwenye besi hapigi kila wiki, basi najaza mwenyewe."

Mkono uliozoea kuiba nao husema hivyohivyo.

Novemba 17, Jumapili

Mvua siku nne mfululizo. Zhuwawo kapima shingo ya besi yangu. Analaza vijiti vya kiberiti katikati ya uzi mnene na ubao, kwenye kile chuma chembamba cha kumi na mbili kinachokata shingo. Kijiti kimoja kikipita kwa kubanwa, gitaa ni zima. Leo kimepita kama mwenye nyumba.

"Ubao unakunywa mvua, shemeji," kasema. "Shingo inapinda, nyuzi zinapanda juu."

Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, ukiizungusha kwa ufunguo wake. Ufunguo anakaa nao Zhuwawo, kaufunga pamoja na funguo za nyumba yake. Nikamwambia, besi yangu, ufunguo wako, hiyo ndoa gani?

"Ndoa ya mwanamke asiye na subira."

Kazungusha robo tu, akasema tuonane wiki ijayo. Robo! Chumvi yenyewe siweki robo.

Novemba 24, Jumapili

Mvua. Kijiti kimoja na nusu.

Desemba 1, Jumapili

Zhuwawo hakuja mazoezini. Tangu tuanze bendi hii hajakosa, hata siku aliyomzika mama yake alikuja jioni. Nikatupa mwavuli begani nikaenda kwake.

Mkewe Felistas kafungua mlango macho mekundu. Zhuwawo yuko kitandani, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali hapati pumzi. Nikamwambia umekonda kama uzi wa kwanza. Akasema na wewe umenenepa kama wa nne. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana. Ukoo wake na ukoo wa Kefasi ni watani wa kuzikana tangu mababu zao, na mimi nimeolewa na utani huo pamoja na sufuria.

Siku tulipomzika Kefasi, Zhuwawo alivaa suruali ya marehemu na kofia yake, akashika gitaa. Kwa nyuzi tu, bila neno, alimtoa Kefasi baa, akampitisha njiani akiyumba, akamkojolesha kwenye ukuta wa meneja, akamtumbukiza mtaroni. Watu walicheka wakashikana. Nilicheka mimi, mjane, mpaka nikalishika jeneza nisianguke. Mtani ndiye anayewaondolea wafiwa jiwe kifuani. Mtani akishindwa, marehemu anaondoka mzito na watu wake wanabaki wazito.

Leo kaniambia, "Zamu yako inakuja, shemeji."

"Zamu ya nini?"

"Usijitie ujinga, umri umeshakwisha. Utanitania kwa besi. Upige mguu wangu."

Mguu wake wa kulia ulipondwa na behewa la mawe, anachechemea. Mazoezini nimezoea kumwigiza: uzi mnene mara moja, nasubiri, uzi mwembamba unagusa tu. Anaujua na anacheka kila siku kama mara ya kwanza.

"Kinanda sitaki," kasema. "Kinanda hakijapata kuumia mguu."

Nimeapa kwa kaburi la Kefasi. Ndipo kanifungulia ule ufunguo kutoka kwenye pete ya funguo zake.

"Nisikilize, Erina. Kwanza unalegeza nyuzi. Halafu robo. Halafu unaiacha siku mbili ipumzike. Usishindane na mbao wakati wa mvua."

Kaniita Erina. Hajawahi.

Desemba 4, Jumatano

Vijiti viwili. Nimezungusha robo.

Desemba 8, Jumapili

Mvua. Bado viwili. Robo nyingine. Zhuwawo hakuja. Nimekwenda kumwona, kalala, nimerudi.

Desemba 11, Jumatano

Paa linavuja juu ya kabati. Besi nimeihamishia karibu na jiko, nikairudisha, maana joto nalo linapasua gundi. Nimeibeba kuzunguka nyumba nzima kama mtoto mwenye surua. Viwili na nusu.

Desemba 15, Jumapili

Leo nimeaibika, na aibu yangu nitaiandika mwenyewe kabla haijaandikwa na wengine.

Umeme ulirudi saa nane, tukakimbilia holini. Amplifaya yangu ni ile ya mgodi, karatasi ya spika imepasuka na kubandikwa mara tatu kwa gundi na gazeti, ukiongeza sauti inakoroma. Hiyo nimeizoea. Nisiyoizoea ni nyuzi kukaa juu kama kamba za kuanikia. Kubonyeza uzi mmoja ni kama kubonyeza kengele ya mbinguni. Kidole cha mwisho, chenye baridi yabisi, kikagoma. Wimbo wa pili nikakosa mara mbili. Wa tatu nikakosa nikapotea kabisa, nikasimama katikati kama mbuzi barabarani.

Na wimbo haukuanguka. Mkono wa kushoto wa Nomatter uliudaka.

Kasiya kaweka vijiti vya ngoma chini. "Mama, usikasirike."

"Ukianza na usikasirike ujue nimeshakasirika. Sema."

"Tuna harusi Jumamosi. Besi aishike Nomatter kwa sasa. Wewe uimbe, upumzishe vidole. Mvua zikiisha..."

"Mvua zikiisha nini? Nitaota vidole vipya?"

"Mbuya, mimi sikuomba," kasema Nomatter. Mtoto mgongoni kwake ananiangalia tu, anajinyonya ngumi.

"Huyo mtoto akikua," nikamwambia, "umfundishe kuingia nyumba yenye watu. Wewe hukufundishwa."

Nimeondoka na besi begani, mvua ikinipiga. Mwavuli nimeuacha holini. Sikurudi kuuchukua.

Desemba 16, Jumatatu

Nimeivunja.

Asubuhi nimepima, vijiti vitatu. Nikasema robo za Zhuwawo zimenifikisha hapa, leo nitafanya yangu. Sikulegeza nyuzi. Nilitaka nione zikishuka huku naziangalia. Nikazungusha robo, nikazungusha nyingine. Ufunguo ukawa mgumu. Nikashika koleo la Kefasi, nikaubana, nikasukuma kwa uzito wa bega. Ukawa laini ghafla. Nikafurahi! Nilifurahi, mimi mpumbavu, nikadhani shingo imekubali. Halafu nikasikia ndani ya ubao, tak, sauti ndogo, kama mfupa wa kuku.

Ufunguo sasa unazunguka bure, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu.

Desemba 17, Jumanne

Sina la kuandika.

Desemba 19, Alhamisi

Vijiti vitano. Nimemwonyesha seremala wa mtaa wa pili, bila kumwambia nani kavunja. Kaigeuza, kaichungulia tunduni. "Chuma kimekatika ndani, bibi. Kukitoa lazima nipasue shingo nzima. Nikipasua, sijui kuifunga ikawa gitaa. Nitakufungia ikawa mwiko." Angalau huyu hajasomea uongo.

Desemba 21, Jumamosi

Harusi imefanyika. Nimesikia muziki kutoka nyumbani. Besi ilikuwepo.

Desemba 25, Jumatano

Krismasi. Wali na kuku, peke yangu. Kuku mgumu. Mvua.

Desemba 28, Jumamosi

Felistas kaja na gunia kichwani badala ya mwavuli. "Mgonjwa anataka kuisikia besi kesho. Anasema uje nayo." Nikasema nitakuja. Nilitaka kusema nina mafua.

Desemba 29, Jumapili

Nimekwenda. Umeme hakuna, na amplifaya siwezi kuibeba. Zhuwawo kasema, "Iegemeze kitandani." Besi isiyo na umeme haisikiki hata na anayeipiga, lakini ukiikandamiza kwenye mbao, mbao inaimba. Nikakaa kwenye kiti, nikaikaza pembe ya besi kwenye ubao wa kichwani kwake. Yeye kageuza shavu, kalitia kwenye ubao, kafumba macho.

Shingo ilivyopinda, juu kote hakupigiki. Nimebakiwa na nyuzi wazi na vyuma viwili vya mwanzo, navyo vinalia nje ya sauti. Nikapiga polepole vile vinavyowezekana, nikaruka visivyowezekana. Nikajisemea mgonjwa hatajua.

Kafumbua jicho moja. "Umekikata."

"Nini?"

"Chuma. Umekikata, Erina."

Nikazibana nyuzi kwa kiganja. Akaanza kucheka, cheko likageuka kikohozi, Felistas akaja mbio na beseni. Alipopata pumzi kasema, "Mtu akiambiwa robo yeye anasikia zima. Ndivyo na Kefasi alivyokuoa. Aliambiwa akakutazame, akasikia akakuchukue."

Nikacheka na mimi. Kisha hatukucheka tena.

"Sasa siku yangu utanitania kwa chombo gani?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo wako hauchekeshi, shemeji. Mdomo wako unaunguza. Mzaha wako wote uko kwenye vidole."

Ni kweli, ndiyo maana imeniuma. Nikamwambia nitapata besi nyingine. "Wapi?" kauliza. Nikasema hilo ni langu, wewe kazi yako ni kukohoa tu. Kafumba macho. "Mguu," kasema. "Jaribu mguu." Uzi mnene ulitoka. Mwembamba haukutoka. Uligonga chuma ukafa. Nikarudia, ukafa. Akaninyooshea mkono, basi, basi, kama mtu anayekataa chai.

Januari 3, Ijumaa

Nomatter kaja na mwavuli wangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kumfukuza. Kasema, "Mbuya, nimesikia kwa mama Felistas. Kanisani kwetu kuna besi, mwenye kuipiga kasafiri. Twende tukaombe."

Tumetembea mwendo wa saa mbili kwenye tope, yeye na mtoto mgongoni, mimi na maneno yangu mdomoni. Njiani hakunisema hata kidogo kuhusu siku ile. Pale penye maji kanishika mkono bila kuniuliza.

Mchungaji katupokea vizuri. Besi niliiona, nyeusi, safi, nyuzi mpya zinang'aa, shingo imenyooka kama rula. Nikaigusa. Mchungaji kauliza ya nini, na mimi, kwa kuwa siwezi kudanganya, nikasema ya kumtania marehemu makaburini siku akifa.

"Mama, chombo cha Bwana hakiendi kwenye mizaha ya makaburini."

Nikamwambia Bwana wako kama hajui kucheka, mbona kakuumba wewe? Nomatter kafunika uso. Lakini halafu kamgeukia mchungaji wake, kasema, "Mwaka wa sita napiga hapa bila kuomba kitu. Naomba hiki kimoja." Mchungaji kasema hapana mara ya pili, kwa upole. Ule upole ulinichoma kuliko hapana.

Kurudi, Nomatter kalia njiani. Nikambeba mtoto. Ni mzito.

Januari 9, Alhamisi

Vijiti sita. Sijui napima ya nini.

Januari 12, Jumapili

Mto umepanda, daraja limefunikwa. Hata angetokea wa kutuazima besi, isingepita.

Januari 15, Jumatano

Nomatter kasema, "Nifundishe ule mguu. Nitaupiga kwa kinanda, nitaupiga vizuri." Najua angeupiga vizuri, kuliko mimi hata. Nikamwambia mwanangu, wewe si mtani wao. Asiye mtani akimchezea maiti anaitwa mchawi, ndugu zake watakupiga mawe na mtoto mgongoni. Kauliza, "Basi mimi nifanye nini?" Nikamwambia hakuna. Ni kweli hakuna.

Nimemwita mwanangu. Nimeona baada ya kuandika.

Januari 22, Jumatano

Zhuwawo kafariki asubuhi, kaketi, mito mitatu mgongoni. Felistas alikuwa anamkorogea uji.

Januari 24, Ijumaa

Tumemzika leo. Niandike kabla sijalala, nikilala nitaiogopa.

Mvua ilipumzika saa nne, kaburi likawa linatekwa maji kwa ndoo. Watu kama mia mbili, hata waliohamia mijini mgodi ulipofungwa. Jenereta likawashwa, Kasiya na Nomatter wakapiga nyimbo zake, mkono wa kushoto ukashika besi. Sikumwonea kijicho. Ilikuwa besi nzuri.

Kisha kaka yake mkubwa kasimama. "Mtani yuko wapi? Tunataka mtani! Huyu mtu haendi shimoni akiwa mzito hivi!" Watu wakapiga makofi na vigelegele, wakanifungulia njia. Felistas kakaa kwenye mkeka, kajifunika, hajalia tangu juzi, wala hajala. Nikatembea mpaka kwenye jeneza. Mikono haina kitu. Sikujua niiweke wapi. Ikajiweka yenyewe, wa kushoto juu, wa kulia tumboni, kama nimeshika besi. Watu wakaanza kucheka, wakadhani nimeanza.

Nikasema, "Zhuwawo." Maneno yote niliyoyapanga siku kumi yakapotea. Nikajaribu mguu wake kwa mguu wangu mwenyewe, hatua mbili, nikateleza kwenye tope, nikaangukia magoti. Wakacheka sana.

Hapo nikalia. Sikulia kidogo. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi, nikalipiga jeneza kwa kiganja, nikasema nimekivunja, nisamehe, nimekivunja mwenyewe. Mtani halii. Mtani akilia ni laana kwa aliyekufa na aibu kwa ukoo wake wote. Nilijua hivyo na sikuweza kunyamaza.

Nikasikia nyuma yangu watu wanapasuka. Vicheko! Mtu kapiga kelele, "Anamwigiza Felistas! Mtazameni, Felistas mtupu!" Mwingine, "Bibi huyu kiboko!" Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, wakaangukiana. Felistas kajifunua kanga usoni, kanitazama. Akacheka. Akacheka machozi yakamtoka, ya kwanza, wenzake wakamkumbatia, ikawa kilio na kicheko pamoja. Jeneza likashuka.

Baadaye, kwenye sadza na nyama, kaka mtu kanishika mikono yote miwili. "Mtani, umetutendea. Toka nizaliwe sijaona utani kama huu." Felistas kala sahani nzima, kaniuliza, "Hivi ndivyo ninavyolia kweli, mtani wangu?" Nikamwambia ndivyo.

Nikamtafuta Nomatter. Huyu ametembea na mimi kwenye tope, huyu anajua. Nilimkuta anakunja waya za kinanda, mtoto kalala, yeye anafuta macho kwa ukingo wa mkono, bado anacheka. Akanikumbatia.

"Mbuya! Umenivunja mbavu. Kumbe besi hata hukuihitaji!"

Nikasema asante, mwanangu.

Nimelia leo mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyeniona.